Jamaa kaacha maboksi kaenda kuzima moto

Leo tena nimeachiwa maboksi. Tuko wawili tu stoo, lori zima limeshuka asubuhi, mara peja ya jamaa kiunoni, kale kamashine ka kumwita kwenye moto, ikaanza kulia, kugeuka hivi naona mgongo tu, kesharuka kwenye gari kaondoka. Hata kuaga hakuna. Na mimi mgongo wangu sio wa kukodi jamani, nimekasirika kweli, halafu dakika kumi baadaye hasira zikaisha nikabaki na wivu.

Huku vijijini Uskoti zimamoto hakai kituoni. Kituo kinafungwa na ufunguo, gari limo ndani linang'aa, na wanaolipanda ni fundi bomba, mama wa dukani, mfugaji wa kondoo na huyu mwenzangu wa maboksi. Vituo viko kama 350 nchi nzima na vingi zaidi ni vya hivi. Unatakiwa uishi au ufanye kazi dakika tano mpaka nane hivi kutoka kituoni, jioni moja kila wiki mazoezi, unalipwa kahela kidogo ka kukaa standibai, yaani tayari kuitwa, halafu unalipwa saa ukitoka kweli. Ukiwa standibai bia huonji na harusi ya ndugu yako ikiwa mji wa mbali ndo basi tena.

Najua mshaanza. "Ameshaota mapembe, juzi tu alikuwa anabeba ndoo na sisi." Ndiyo, nilibeba, na ndo maana nasema! Nyumba ya jirani yetu huko nyumbani Tanzania ilipoungua tulitoka kijiji kizima usiku ule, wengine pekupeku, wamama na madumu, mchanga, matawi ya migomba, kijana mmoja kaingia ndani na blanketi bichi katoa watoto wawili. Gari lilikuja asubuhi, na mnajua lilikuja na nini ndani ya tanki, sina haja ya kusema. Huku nyumba ikiwaka majirani wanasimama ng'ambo ya barabara mikono mfukoni, wanasubiri wenye helmeti. Kwa moyo hawatuwezi hawa, hilo nitabishana na mtu yeyote.

Ila yule kijana wa blanketi mpaka leo hajawahi kupewa hata buti.

Na msidhani huku ni peponi. Gari bila watu wanne kwa kawaida halitoki kwenda kuzima nyumba, na mchana wa Jumatatu hao wanne utawatoa wapi? Vijana wamehamia mjini, waliobaki wanafanya kazi mbali wanarudi usiku, nyumba nzuri zimenunuliwa na wastaafu na watu wa likizo ambao hawawezi kukimbia na mpira wa maji. Bosi naye sheria haimlazimishi kukuachia, wa kwetu kila peja ikilia anatazama saa ukutani kama kaibiwa. Kwahiyo wanatokea watatu, gari linalala ndani, linaitwa la mji mwingine huko, na moto hausubiri. Mwenzangu anasema miaka hii mitatu watu watano wameacha uzimamoto kituoni kwake, hakuna aliyegombana na mtu, wamechoka tu kuishi na kamba mguuni kwa hela ya mbuzi.

Sasa hapo ndo ninapochanganyikiwa. Huku wanatafuta kwa tochi watu wenye nguvu wanaoshinda kijijini mchana. Sisi kila kijiwe cha boda kina vijana kumi wako pale toka asubuhi, pikipiki tayari, njia zote wanazijua mpaka za ng'ombe, simu mkononi! Wape mafunzo, wape buti na koti, pampu ya kubeba, tanki la kuvuta na trekta, wape bima wakiumia, na kahela ka standibai kila mwezi. "Hela itoke wapi?" Sijui, itoke inakotoka ya makongamano. "Rudi basi uanzishe wewe." Haya, na wewe uliyebaki umeanzisha nini? Mi sisemi tuige kila kitu, 114 ya kuwaita zimamoto tunayo, askari wetu wa mjini wanajitahidi na vifaa vile vile walivyonavyo, nasema kijijini moto unazimwa na raia tayari, siku zote, bure, na kandambili. Kuwaita "wasamaria wema" kwenye taarifa ya habari haitoshi.

Na wakipewa walipwe kweli, isije ikawa posho ya kusainishwa halafu haionekani, maana boda akiacha abiria watatu kwa ajili ya moto wa mtu hiyo ndo chakula ya watoto wake imeondoka.

Jamaa karudi saa nane. Kumbe hakukuwa na moto, mtu kaunguza mkate hotelini king'ora kikalia. Ananuka jasho, na saa zile bosi kamkata kwenye mshahara. Nikamwonyesha maboksi yake, nilikuwa nimemwachia makusudi yale mazito. Akacheka, akaweka peja mezani, akaanza kupanga.