Kidonda cha kisukari na hofu ya sahani

Shangazi yangu mwenye kisukari alipotokwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, jambo la kwanza tulilofanya nyumbani ni kumpunguzia chakula. Nyama ikaondolewa, mayai yakakatazwa, maharage yakasemwa yanajaza gesi. Asubuhi alikunywa uji mwembamba usiotiwa sukari, jioni ugali kidogo kwa mchicha. Wiki zikapita, kidonda kimepauka vilevile, nyama mpya haioti.

Wanaotaka chakula kibanwe wana hoja nzito. Sukari kwenye damu ikikaa juu, chembe nyeupe za damu huzubaa mbele ya vijidudu, na kidonda kidogo hugeuka usaha unaofika kwenye mfupa. Hilo silipingi hata kidogo. Tulipokosea ni kuhesabu kila chakula kuwa sukari. Uji, hata usipotiwa sukari, karibu wote ni maji na wanga, na kwa kuwa ni laini hupandisha sukari upesi. Yai halipandishi sukari kiasi hicho, tena lina protini gramu 6 hivi. Tulimnyima kinachojenga tukamwachia kinachopandisha sukari.

Na kidonda kinataka kujengwa. Kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, mwili huzitengeneza kwa protini, na bila vitamini C hazikai imara. Kwa wenye vidonda vya kulalia ambao lishe yao ni duni, wataalamu hushauri gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kipimo hicho, mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 au zaidi. Mayai mawili ni 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kisha kuna dagaa, samaki, maziwa. Kwa uji na mchicha, nusu ya hesabu hiyo haifikiki.

Upande wa pili wapo wanaouza makopo ya unga wa protini na vidonge vya kila aina, wakiahidi kidonda kitafunga. Hapo nasita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuata watu 270 wenye vidonda vya kisukari miguuni. Baadhi walipewa kinywaji chenye aginini na glutamini, viini viwili vinavyojenga protini. Kwa jumla hawakupona zaidi kuliko wenzao. Nafuu ilionekana kwa waliokuwa na albumini, protini mojawapo ya damu, kidogo au miguu isiyopata damu ya kutosha. Ninavyoelewa, chakula humsaidia aliyepungukiwa, na fedha ya kopo kwa familia nyingi ni fedha ya samaki wa wiki nzima.

Wala samaki hawatoshi. Mguu wenye ganzi hausikii maumivu, mwenyewe anaendelea kuukanyagia, na kila hatua inapasua kilichokuwa kikiungana. Lazima uzito uondolewe pale, nyama iliyokufa ikatwe, mtiririko wa damu upimwe.

Tulipompeleka kliniki, muuguzi aliuliza, "Mama jana alikula nini?" Tukatazamana. Hatukuwahi kuulizwa hivyo. Akapimwa figo kwanza, kwa sababu figo zilizochoka zina kiwango chao cha protini. Majibu yalipokuwa mazuri, mayai na dagaa vikarudi mezani. Siku hiyohiyo akapewa kiatu cha kuinua sehemu yenye kidonda, na dozi ya dawa za sukari ikarekebishwa. Kidonda kilifunga. Ni kipi kati ya hivyo kilichokifunga, siwezi kusema.