Ni Kutembea Tu, Walisema

Aliyesema "ni kutembea tu" simtaji, maana ndiye anayenisainia fomu za likizo. Ila Mungu anamjua. Ofisini lilibandikwa tangazo kwamba Desemba 9 tutaisherehekea Kilimanjaro, wenye nia wajiandikishe. Nikaenda kumuuliza kama kuna kamba, kama kuna kuning'inia kwenye majabali. Akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Kamba ya nini? Njia ya Marangu ni kutembea tu. Wazungu wa miaka sabini wanapanda."

Sasa mimi na kutembea tuligombana lini? Mtu wa Mbagala, daladala zikigoma, anatembea. Nikajiandikisha. Kumbe nilichojiandikisha mimi si mlima, ilikuwa picha. Ile mnaijua: mtu yuko chini ya ubao wa kileleni, bendera mkononi, meno yote nje, na ubao unasema mita 5,895. Nilikuwa nimeshaichagulia na mahali sebuleni, juu ya televisheni, pale penye saa iliyokufa.

Aliyeniambia ukweli ni Mama Salma peke yake. "Baba Salma, kwa wifi Kariakoo ghorofa ya tatu unapumzika mara mbili, na ya pili unasingizia simu." Nikamwambia zile ni ngazi, mlima ni habari nyingine. Yeye Mchagga wa Marangu, kakua akiuona mlima dirishani. Tulipopita kwa kaka yake kusalimia kabla ya safari, shemeji alinimiminia mbege, akanipima kwa macho kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akaniuliza kwa sauti ile ya kumwulizia mgonjwa: "Shemeji, kwani huko juu umeacha nini?" Miaka hamsini na mbili anaishi chini ya mlima, geti hajawahi kulivuka. Anasema kazi ya mlima ni kuleta maji mferejini, na unaleta. Sasa yeye aufuate kwa lipi?

Mazoezi nilifanya, msije mkasema. Kila Jumapili na klabu yetu ya jogging ya mtaani, fulana za rangi moja, filimbi mbele. Tatizo la jogging zetu ni kwamba zote zinaishia kwa muuza supu. Ukikimbia kilomita nne ukamalizia na bakuli la supu ya ng'ombe na chapati tatu, hesabu inakataa. Kwa miezi miwili ya mazoezi niliongezeka kilo tatu. Nikajipa moyo kwamba ni akiba ya kule kwenye baridi.

Siku ya kwanza mlima ulinidanganya kama dalali. Kutoka getini mpaka Mandara ni kilomita nane hivi za msitu. Kivuli, njia pana, mbega wanakutazama kutoka juu na manyoya yao meupe kama wazee wa baraza. Nilipiga simu nyumbani kuwasema waoga wote waliobaki ofisini. Huko kiongozi wa wapandaji anaitwa gaidi, ni Kiingereza kilichochakaa kwenye ndimi zetu, na mwanzoni nilicheka sana. Usiku wa mwisho wa kupanda niliona kuwa jina limempata mwenyewe. Gaidi wetu alikuwa kijana mpole, na kwa siku tano kamusi yake ilikuwa na sentensi moja: "Pole pole, mzee."

Nina miaka ishirini Dar es Salaam naambiwa haraka. Konda haraka, bosi haraka, hata kinyozi ananiambia baba geuka haraka. Leo nimelipa pesa zangu niambiwe pole pole, na aibu ni kwamba hiyo pole pole yenyewe nilikuwa siiwezi.

Hapa niwaambie kuhusu wagumu. Mlimani wapagazi wanaitwa wagumu, na hilo jina halina utani ndani yake. Mizigo yao inapimwa getini kwenye mzani, isizidi kilo 20 kwa mtu. Mimi begi langu lilikuwa na maji, koti la mvua, biskuti na chaja ya simu isiyokuwa na pa kuchomekwa. Siku ya pili, tunaitafuta Horombo, miti imeisha, jua kali na baridi vimekutana kichwani kwangu, nikasikia redio nyuma. Nageuka: mzee. Miaka yake si chini ya hamsini na nane. Mfuko wa mzigo umemlalia shingoni, raba hazina kamba, redio inaning'inia mkandani. Na mkono wa kulia, kama mtu anayetoka dukani, kashika trei ya mayai. Trei nzima, thelathini, imezungushiwa mipira miwili.

Adabu ni adabu hata ukiwa unakufa. Nikaanza: "Shi..." nikavuta pumzi. "...ka..." nikavuta nyingine. Nilipofika kwenye "moo" mzee alishakata kona, na nyuma ya jiwe ikaja sauti, na redio chini yake: "Marahaba mwanangu. Pole pole!"

Kesho yake asubuhi nililetewa yai. Nililigeuzageuza kabla ya kulimenya, natafuta ufa. Hakuna. Ilhali miwani yangu, iliyokuwa ndani ya kasha, kasha ndani ya soksi, soksi katikati ya begi, kioo cha kushoto kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Nikauliza wenzangu kama mayai yao yana ufa. Wakadhani hewa imeanza kunichezea.

Vituo vya Marangu vimepangwa na mtu mwenye roho ya mwenye nyumba: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila ukizoea, wanakuongezea elfu. Na kila ukifika kituoni alasiri unaletewa bisi na chai. Naapa. Nimehangaika mchana kutwa napelekewa bisi kama nimeingia sinema. Nyumbani nilidhani mlimani nitaumwa na njaa, nikabeba karanga kilo mbili. Mlima haukunyimi chakula, unakunyima hamu. Sahani ya wali iko mbele yako, unaitazama kama barua ya benki.

Halafu suala la maji. Wanakusisitiza unywe lita tatu, ikiwezekana nne kwa siku, inasaidia kichwa. Hawakuambii hayo maji yatatoka saa ngapi. Horombo nilitoka nje mara tano. Na kutoka si kutoka: kwanza utafute zipu ya begi la kulalia, iko mgongoni kwa sababu umegeuka usingizini, halafu koti, tochi, kofia, viatu, umkanyage mwenzako, mlango ulie. Unarudi, unajifunika, unapata joto la kwanza, kibofu kinasema samahani. Mara ya tano niliziona taa za Moshi chini kabisa, kama makaa mtu kayamwaga gizani. Nikasimama pale nimesahau kilichonitoa. Kikanikumbusha.

Kutoka Horombo kwenda Kibo unapita uwanda baina ya vilele viwili, Mawenzi kulia na Kibo mbele, jangwa tupu, hata panya anapita ameinamisha kichwa. Gaidi akatupa ile hadithi ya Wachagga: Mawenzi moto ulimzimikia, akaenda kuomba kwa Kibo, akapewa na ndizi juu. Akanogewa, akarudi tena na tena kwamba moto umezimika, mpaka Kibo akachoka, akamshukia na mchi. Ndiyo maana Mawenzi yuko vile, kachongoka kama meno ya msumeno. Wenzangu wakacheka. Mimi upepo umeingia mpaka kwenye mbavu, nikamwonea Mawenzi huruma. Mtu kaomba moto tu!

Hapo hapo soli ya kiatu cha kulia ikaaga. Ni viatu vya mtumba nilivyovigombania mnadani, nikaambiwa vilivaliwa na Mzungu mara moja. Huyo Mzungu alijua alichokiona. Mgumu mmoja alinifunga kwa kamba ya manila kama mtu anafunga kuku wa safari, akanipiga begani: "Kinafika hicho, mzee." Sikuuliza kinafika wapi.

Kibo hakuna maji, yanabebwa na wagumu kutoka chini. Hata usingizi haupo. Unalazwa jioni, unaamshwa karibu na saa sita usiku, unapewa chai na biskuti, unaambiwa twende. Wakati ule nyumbani hata jogoo wa jirani, asiyejua saa, amelala. Nje ni chini ya sifuri. Ukiinua macho unaona tochi za waliotangulia zimepandana gizani juu kwa juu, na mstari hausogei. Foleni ya Mbagala Jumatatu alfajiri, tofauti hakuna wa kuuza karanga, na zangu nilizisahau Horombo.

Njia yenyewe ni changarawe. Unapanda hatua mbili, inakurudisha moja, kama mkopo wa kausha damu: unalipa, unalipa, deni lipo pale pale. Hewa ya kule ukivuta, oksijeni unayoipata ni kama nusu ya ile ya Mbagala, na ile ya Mbagala nilikuwa naidharau. Hatua kumi, simama. Hatua nane, simama. Kufika pango wanaloliita la Hans Meyer nilikuwa nahesabu hatua tatu, na ya tatu najipongeza. Maji ya mrija yaliganda. Simu ilizimika kwa baridi ikiwa na chaji asilimia 60. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mafundi wa jirani, wale wa Jumapili.

Kumepambazuka ndiyo tunafika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,685. Jua linachomoza nyuma ya Mawenzi, watu wanalia, wanakumbatiana. Mimi nilikumbatia jiwe nikatapika. Gaidi akanibana kidole na kile kidude chao cha kupimia oksijeni, akakitazama, hakunionyesha. Akachuchumaa mbele yangu. "Mzee, binti yako anaitwa nani?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Horombo."

Akasema tunashuka.

Kutoka pale mpaka kileleni ni mita 210 za kupanda. Na ni mwendo wa saa moja na nusu au mbili kuzunguka ukingo, ila watu wa mtaani kwangu hawasikii saa, wanasikia 210. Dada wa mapokezi, ambaye jogging kwake ni kukimbilia mwendokasi, alifika Uhuru akarekodi na video. Na yule wa "ni kutembea tu"? Aligeuzia Horombo, tumbo. Sina la kuongeza, nina siku kumi na nne za likizo bado hazijasainiwa.

Picha ninayo moja, gaidi alinipigia kwa simu yake. Nimekaa, macho yamefumba, skafu imekaza mdomo, na chini ya pua kuna kitu kimeganda kinang'aa. Mama Salma aliiangalia muda mrefu. Akasema nafanana na mtu aliyeokolewa kwenye mafuriko. Juu ya televisheni imerudi saa ile ile.

Kushuka sitaki hata kukuelezeni. Magoti. Wiki nzima nyumbani nilikuwa nashuka ngazi tatu za barazani kinyumenyume, watoto wa jirani wananisindikiza wakiimba "pole pole". Cheti walinipa getini, cha Gilman's, kina jina langu na kimegongwa mhuri, na nikakipeleka mwenyewe dukani kwa Mangi akakione. Mangi ni mtu wa Rombo, chini ya mlima ule ule, nilitarajia tutaelewana.

"Ulifika?"

"Nilifika Gilman's."

"Uhuru?"

"Mangi, Gilman's ni mita 5,685. Ni ukingo wa kreta. Pale umeshafika juu."

"Kwa hiyo hukufika."

Nikaona huyu anahitaji historia. Nikamwambia Hans Meyer, Mjerumani, alipanda 1887 akagota kwenye barafu, akarudi. Mwaka 1888 hata mlima wenyewe hakuufikia, alikamatwa na watu wa Abushiri, waliokuwa wanapigana na Wajerumani pwani, mpaka akalipa ndipo akaachiwa. Akaja kufika 1889. Mara tatu, mtu mwenye wapagazi na hela za ukoo! Sasa mimi mara moja tu, na kiatu kimefungwa manila?

Mangi alikuwa anapanga sarafu. "Lakini huyo Mjerumani mwishowe alifika."

"Alifika."

"Ehee."

"Na wewe umeshapanda mara ngapi?"

"Mimi nauza duka," akasema. "Nikupe nini?"

Mama Salma alikuwa amenituma mayai. Nikachukua trei, nikamwomba Mangi mipira miwili, nikaizungusha vizuri kama nilivyoona kwa yule mzee. Kutoka dukani mpaka mlangoni kwangu ni hatua mia moja na ishirini, nilizihesabu, tambarare, usawa wa bahari, hewa yote ipo. Nikaenda pole pole.

Yamevunjika manne.