Hedifoni za Baba Mwenye Nyumba

Naona yule jamaa yangu niliyekwenda naye kwenye shabaha kaniwahi kwenye magrupu na habari yake ya kutunga, jinsi nilivyoumbuka mbele ya baba mwenye nyumba. Eti nilipiga magoti. Eti nililia. Machalii wa Chuga, magoti sikupiga, nilichuchumaa. Na yale machozi ni moshi wa nyama. Tulieni sasa.

Baba mwenye nyumba wangu wa Sakina mnamjua ni mtu wa bunduki. Ana leseni zake, na Jumamosi huwa anakwenda na wazee wenzake kulenga shabaha shambani, nje ya mji. Mnajua pia (wale mnaonidai mnajua zaidi) kwamba kodi yangu ilikuwa imelala. Nilishamwambia mshahara umechelewa. Akanihurumia hadi akasema, "Mwanangu, usikae ndani unawaza. Njoo na mwenzio mpunge upepo, kuna mbuzi." Mimi niliitikia hapo kwenye mbuzi.

Kule kuna msimamizi, mzee aliyekula chumvi kwenye kampuni za uwindaji. Hata sisi watazamaji hakuturuhusu kusogea bila kuziba masikio. Nikatoa pamba niliyokuja nayo. Akaichukua, akaitupa, akafuta vidole kwenye suruali. "Hiyo utawekewa ukifa. Mlio wa raifo ndogo tu unagonga desibeli 140, wa shotigani unapita 150. Sikio likiharibika halina spea."

Akafungua boksi. Kulikuwa na sponji za kuchomeka, hedifoni kavu za kuzuia mlio tu, na hedifoni za betri zenye vitundu vya kunasa sauti kwa nje. Anayetaka kujikinga zaidi anavaa sponji na hedifoni juu yake. Namba za kinga zake hazijumlishwi, ile ya pili inaongeza kama desibeli 5 tu, lakini kwa mlio ule ni msaada. Jamaa yangu akapewa vyote viwili. Akaelekezwa aiviringishe sponji iwe nyembamba kama njiti, apitishe mkono wa pili nyuma ya kichwa, avute sikio juu, achomeke, kisha aishikilie mpaka itanuke. Akachomeka kisawasawa, na hapo ndipo nilipokwisha. Mimi nikavaa kavu, nikagombezwa kwa sababu ya mikono minene ya miwani yangu, maana inainua ule mto wa hedifoni na mlio unapenya pembeni.

Zile za betri walivaa wazee wote. Nikajua wanasikilizia mpira. Msicheke, nyie mngejuaje?

Sasa fikirieni. Wamepiga, wamesimama, bunduki zimelazwa mezani, msimamizi kaenda kubadilisha karatasi. Kimya. Baba mwenye nyumba kanipa mgongo, kama hatua kumi hivi, anamenya chungwa. Nikasogeza hedifoni pembeni, nikamwinamia jamaa yangu, nikanong'ona, tena kwa adabu zote:

"Mzee ana huruma, hajui mshahara uliingia tangu tarehe 25."

"Eeh?"

"Mshahara. Uliingia."

"Nani kaingia?"

Nikamwona mzee anaacha chungwa. Kidole chake kikapanda taratibu hadi kwenye kile kifungo cha pembeni ya hedifoni, kikakizungusha. Nikasema moyoni, anapunguza redio. Kumbe anaongeza.

"Mshahara nimeununulia simu," nikapapasa mfuko. "Hii hapa. Hii ndiyo kodi yake."

"Simu ya nani?"

"Ya KODI!"

Ganda la chungwa likaanguka. Mzee hakugeuka. Akauliza kwa upole kabisa, akiwa ametazama Mlima Meru:

"Ni ya GB ngapi?"

Nikameza mate, na nadhani hayo pia waliyasikia. Mzee wa pili, yule mwenye kofia, akadakia: "Kamera yake vipi, inatoa vizuri usiku?" Wa tatu akataka kujua kama inatumia laini mbili. Jamaa yangu, masikio yamezibwa kama kawaida, ananigonga bega: "Wanasemaje? Nyama tayari?"

Msimamizi aliporudi ndiyo akanifungua macho. Vile vitundu vinakuza sauti ndogo ili mtu asikie amri na hatua za watu nyuma yake, halafu mlio wa risasi ukija vinaubana papo hapo. Mnong'ono kwao ni tangazo. Maelezo hayo yangetolewa pale kwenye boksi, si sasa.

Hapo ndipo nilipochuchumaa.

Mengine mafupi. Nyama nilikula, mbuzi hakuwa na kosa. Garini nilikaa nyuma na makreti. Jumatatu simu ikauzwa kwa hasara, kodi ikalipwa, risiti nikaandikiwa kwa herufi kubwa. Hapa natumia simu ya dada, kwa hiyo komenti zenu nitazijibu tamthilia yake ikiisha, na atakayeniuliza "ya GB ngapi" nambloku.