Kete ya Sitini na Nne

Baada ya Alasiri, baraza la nyumba yetu hapa Ng'ambo, mjini Unguja, huwa si letu. Huwa la Maalim na Nahodha. Maalim amesomesha Kurani mtaa mzima, baba kisha mwana. Nahodha aliendesha majahazi zamani, na tangu ateremke chomboni hajapata wa kumpigia kelele isipokuwa Maalim. Wanacheza bao, muuza kahawa anapita na dele lake, vijana wanasimama nyuma kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Na hapo katikati, gotini kwa Maalim, anakaa binti yangu wa miaka mitatu.

Anakaa kwa adabu ya kutisha. Mtoto huyu huyu akisukwa nywele mtaa wote unajua, lakini mbele ya bao anapepesa macho tu. Mzee akitawanya kete, na yeye midomo inamcheza, anahesabu kwa hesabu yake: moja, mbili, tano, nane. Nahodha akipiga ubao na kunguruma "Nakula!", yeye hucheka mpaka mabega yanatikisika.

Siku ya kisa chenyewe, Maalim alimfunga Nahodha funga ya aibu. Mstari wa mbele mtupu, hana pa kushika. Nahodha, badala ya kukubali, akaanza kuhesabu. Bao lina mashimo 32 na kete 64, hilo halina mjadala Unguja wala Pemba. Akahesabu, akarudia, akawaita vijana nao wahesabu. 63.

"Bao batili," akasema, uso umemng'aa kama bwana harusi.

"Batili kwa lipi? Kete moja imeanguka tu."

Tukatafuta chini ya mkeka, ndani ya makubadhi, mpaka kwenye mtaro. Ndipo mmoja akapata akili ya kumuuliza yule aliyekuwa katikati muda wote.

"Mwanangu, kete umeiona?"

"Nimekula," akajibu, tena kwa fahari.

Baraza zima likasimama. Nahodha akamkamata miguu amgeuze kichwa chini, Maalim akampiga Nahodha mkono, muuza kahawa akasema apewe maji, mwengine akasema maji hapana, apewe tonge la wali. Mama yangu akatoka ndani mbio, mtandio mkononi: "Somo yangu! Mmemlisha nini somo yangu?" Binti yangu kapewa jina lake, kwa hiyo lolote linalompata mtoto, mama analihisi tumboni mwake. Mtoto mwenyewe alikuwa anapumua vizuri, anaongea vizuri, na anaomba kashata.

Kete zenyewe ni komwe, zile mbegu za kijivu zinazookotwa pwani, ukubwa wa gololi, ngumu hata bahari haizipasui. Mtoto yeyote wa Unguja anajua kuwa ukiisugua komwe kwenye saruji inapata moto, ukimgusisha mwenzio anaruka. Sasa fikiria kitu hicho kimo ndani ya mwanao.

Mke wangu hakungoja fikra za mtu. Alishavaa buibui, mtoto begani, tukaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, akamsikiliza kifua, akamminya tumbo, akamtazama anavyokula biskuti aliyompa kwa makusudi. Swali moja alilirudia na kulirudia: mna hakika si betri? Akatueleza kwamba zile betri ndogo bapa za saa na za vitu vya kuchezea ni hatari kubwa, zikikwama kooni huunguza ndani ya saa chache tu, na sumaku nazo hivyo hivyo, mtu hangoji hata asubuhi. Lakini kitu laini cha mviringo, kikishafika tumboni, mara nyingi hupita chenyewe. Picha ya eksirei isingetusaidia sana, maana mbegu haionekani humo kama inavyoonekana sarafu. "Mpeni chakula chake cha kawaida, na mtazame choo. Akitapika, akikataa kula au akilalamika tumbo, mrudi mbio."

Mtazame choo. Maneno mawili hayo yalibadilisha maisha ya mtaa.

Maana Maalim alikataa katakata kutia kete nyengine. Komwe zile aliziokota yeye na marehemu kaka yake walipokuwa vijana, vidole vyao vimezilainisha miaka na miaka, na mkono wake ungeijua ngeni hata gizani. Nahodha naye alikataa kufungwa mpaka hesabu itimie. Kwa hiyo bao likasimama. Maalim akatuachia ubao na kete zake kama amana, mama akaviweka chini ya kitanda chake, na wazee wawili wakawa hawana kazi ila kusubiri tumbo la binti yangu.

Wakitoka msikitini wanakuja moja kwa moja. "Asalamu alaykum. Vipi, tayari?"

"Bado, Maalim."

"Lahaula."

Mama alimpa mtoto papai asubuhi, papai mchana, na jioni papai tena ili ya asubuhi na mchana zisijione zimesahauliwa. Kazi ya kuchunguza niliachiwa mimi. Mke wangu alisema yeye alishambeba miezi tisa, zamu yake imekwisha. Sikupata hoja ya kumjibu. Nilikuwa nikitoka uani na kijiti changu, naikuta nusu ya baraza imenyoosha shingo.

Aliyefaidi ni bibie mwenyewe. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kujali anapokwenda haja, leo akisema tu "poti", nyumba inasimama. Bibi yake anamwimbia. Mama yake anampepea. Akimaliza anapigiwa makofi na kupewa peremende, kete iwepo isiwepo. Haikuchukua muda akaanza kuomba poti mara nyingi kuliko tumbo lilivyotaka. Anakaa hapo, gauni kalikusanya mapajani, mgongo kaunyoosha, hana haraka na mtu. Nahodha akamwamkia kwa mbali, kwa heshima ambayo sijawahi kuona akimpa kiumbe chengine nchi kavu:

"Hujambo mwanangu. Imetoka?"

"Bado. Njooni kesho."

Na wallahi wakaondoka.

Jambo lilikuja kufichuka kwa ukelele. Mama alikwenda nyuma ya nyumba kumwagilia mrehani, tukamsikia: "Kipuli changu!" Tukakimbia. Chini ya mpapai, kwenye mchanga, kulikuwa na vishimo vimechimbwa kwa kijiko, safu mbili zilizopinda. Katika kimoja kipuli cha mama, kile ambacho kuku wa jirani alishatuhumiwa kukimeza. Katika kimoja betri ndefu ya rimoti, na mama wiki nzima alikuwa akiitukana televisheni. Kifungo cha kanzu yangu ya Idi. Kokwa ya tende. Na katika kishimo kikubwa cha kati, kile ambacho kwenye bao huitwa nyumba, imepanguswa vizuri, kete ya Maalim.

Binti yangu akachuchumaa, akachota vilivyomo kwenye kishimo cha mama, akavitia kwenye chake.

"Nimekula," akasema, na kunitazama niseme kitu.

Mke wangu akakaa chini kwenye mchanga na buibui lake, akacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nalikumbuka lile papai lote.

Maalim alipofika hakucheka. Aliinama, akavitazama vile vishimo kwa muda, kama anavyotazama bao la mtu mzima. "Nyumba yake ameilinda," akasema.

"Basi huyu ndiye wa kucheza naye," akajibu Nahodha, "labda utamweza."

Tukamtolea Maalim amana yake kutoka chini ya kitanda cha mama. Akaiweka kete iliyopatikana juu ya ubao, akasoma Bismillahi, akaanza kuhesabu kwa sauti, Nahodha akifuatisha kwa kidole. Hamsini na tisa. Sitini. Akapitisha mkono ndani ya mfuko, akaugeuza nje ndani.

Sitini.

Wote tukageuka kumtazama. Yeye alikuwa ameshakamata gauni lake kwa mikono miwili, anaelekea uani kwenye poti.

"Njooni kesho," akasema bila ya kugeuka.