Kinyago kipo, jina lake limeenda wapi?

Juzi nilikuwa nabishana na jamaa mmoja mchongaji hapa Mtwara mjini, tukiangalia kile kinyago cha watu waliobebana mpaka juu, kile kila mtu anakiita ujamaa. Nikamuuliza kwa kimakonde kinaitwaje, akacheka, "si ndo ujamaa huohuo?"

Kumbe jina la mwanzo ni dimoongo, yaani nguvu, na mtindo wenyewe unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji akaingia Dar miaka ya 1950. Ujamaa limekuja baadae, siasa ya Azimio la Arusha la 1967 ilipopamba moto, kinyago kikabatizwa jina la sera. Na mi nisijifanye mjuaji, dimoongo nimelijua kwa kusoma, sio kwa babu. Hata vile vya jicho moja na masikio kama mapanga tunaita shetani, neno lililokuja na dini, wakati wamakonde wana nnandenga, pepo wao wa porini, ambaye huyo shetani wa msikitini na kanisani wala hawajuani.

Wapo wanaosema huku ni kunyang'anywa lugha, na sio kwamba wanaropoka. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, redio kwa kanuni zetu ni Kiswahili au Kiingereza, wakati ukivuka Ruvuma tu redio ya taifa ya Msumbiji inatangaza kwa kimakonde. Sindimba nayo, ngoma ya wamakonde, ilipopandishwa majukwaa ya taifa watu walishika kukata kiuno tu, maneno ya nyimbo nani anayajua?

Ila upande wa pili nao usiubeze. Nenda Masasi siku ya soko, mmakua, myao, mmwera na mmakonde wote wapo hapo, bila Kiswahili wanauziana vipi mihogo? Alafu Kiswahili huku kwetu sio mgeni aliyeletwa na serikali, Kilwa na Mikindani wanakiongea karne na karne. George Lilanga, mchongaji na mchoraji, mtoto wa Masasi, aliyezaliwa 1934, mashetani yake yamefika Ulaya na Marekani yakiitwa hivyohivyo shetani na hakuna aliyeona amepungukiwa. Jina la ujamaa pia liliuza, tuseme ukweli, mgeni anaelewa haraka na kinyago kikawa cha nchi nzima badala ya kuonekana kitu cha kabila moja.

Kwangu mimi kanuni za redio sio mchawi mkubwa. Mchawi ni kuchekwa. Ukifungua mdomo Dar na lafudhi ya kusini unageuzwa kichekesho, na jina la wamachinga wa Lindi limekuwa jina la kila anayetembeza bidhaa barabarani mpaka wengine hawajui kama kuna watu wanaitwa hivyo. Mtoto akishaona hayo, bibi yake Newala anamsemesha kimakonde yeye anajibu Kiswahili, na mama mtu anafurahi eti mwanangu hana lafudhi. Hapo hakuna askari aliyemkataza. Na ndo maana wale wanaotaka sanaa itukumbushe lugha nakubaliana nao nusu tu, kinyago kinaweza kukaa makumbusho miaka mia kikiwa na kibandiko kizuri na nyumbani hakuna anayeongea.

Lakini kibandiko chenyewe kinagharimu nini jamani? Andika dimoongo juu, ujamaa chini, mteja akiuliza ndo maongezi yanaanza. Nilimwambia hivyo yule jamaa, akakubali, akanipa karatasi nimwandikie. Nikaandika. Akaitazama akaniuliza hizo o ni mbili kweli au moja, na mimi nikakwama, tumekaa pale wamakonde wawili watu wazima, neno la kwetu, hakuna aliyewahi kufundishwa kuliandika.