Alidhani Ni Soda

Juzi harusini, tukingojea pilau, mzee mmoja wa meza yetu akaanza: watoto wa siku hizi ni mayai. Mbona wakati wa Korona walikaa nyumbani tangu Machi hadi Januari na hatukusikia aliyerukwa na akili? Hayo ni magonjwa ya Wazungu, akasema. Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Maana mimi nilikuwepo. Julai 2020, Magoha, waziri wa elimu wa Kenya wakati huo, alikuwa ametoka kutangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hakuna. Jirani yangu, nimwite Mama Neema, alikuwa na binti wa darasa la nane, miaka 14, mtoto aliyebandika ratiba ya kudurusu ukutani kwa uji wa unga. Siku chache baadaye, kafyu imeshaingia, mamake akanigongea mlango. Mtoto amekunywa kitu. Tulipita vizuizi viwili vya polisi, mimi nimetoa kichwa dirishani nikipiga kelele kama makanga wa matatu.

Hospitalini walimshughulikia upesi, hapo sina neno. Kisha nesi akachukua fomu akauliza ilikuwaje. Mama Neema akatazama dawati la polisi pale mlangoni, kisha akatazama viatu vyake.

"Alidhani ni soda, sista."

Nesi akamwangalia mtoto, aliyekuwa amegeukia ukuta. Akaandika: ajali ya nyumbani. Baada ya siku mbili tukarudishwa na dawa za tumbo na ushauri kwamba chupa ziwekwe juu, watoto wasifikie. Juu! Mtoto anamzidi mamake kimo!

Simlaumu nesi. Yeye na mama walikuwa wakimficha mtoto asionwe na Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichosema anayejaribu kujiua ni mhalifu, kifungo hadi miaka 2. Sawa, mawakili mtaniambia hakuna mtoto wa miaka 14 ambaye angetupwa jela kwa hilo. Mkamwambie Mama Neema, saa tano za usiku, askari akiwa hatua sita kutoka kitandani. Alichokijua ni kwamba akisema kweli, mwanawe atahojiwa na polisi kabla ya kuonwa na mtu wa kumuuliza kinachomsumbua. Kwa hiyo hakuonwa na mtu huyo kabisa. Uongo ule ulimwokoa na polisi, ukamnyima mshauri.

Sasa hao Wazungu wa mzee wetu. Marekani, kati ya Aprili na Oktoba 2020, sehemu ya vijana wa miaka 12 hadi 17 walioingia vyumba vya dharura kwa sababu ya afya ya akili ilipanda kwa asilimia 31 hivi ikilinganishwa na 2019. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wenye mafua na mifupa iliyovunjika walibaki nyumbani, hivyo sehemu hiyo ikavimba. Lakini kufikia Februari na Machi 2021, wasichana wa umri huo walioletwa wakishukiwa kujaribu kujiua walikuwa wameongezeka kwa karibu asilimia 51 kuliko kipindi hicho hicho cha 2019. Wengine walilala siku kadhaa mle mle chumba cha dharura wakisubiri kitanda. Si pa kutamani. Ila kuna karani aliyeandika kilichomleta mtoto, ndipo wakapata cha kuhesabu. Sisi tuliandika soda, leo tunajigamba watoto wetu walikuwa salama.

Januari 2025 Jaji Mugambi wa Mahakama Kuu alikibatilisha kifungu kile. Vyema. Tulichelewa, lakini vyema. Na namba ya simu 116 ya kusaidia watoto, ya bure, ilikuwepo hata usiku ule. Mimi na mdomo wangu wote huu sikuikumbuka. Iandikeni mahali.

Nilipotoka harusini nilipitia kwa Mama Neema. Binti alikuwa jikoni, ananyoa nywele za mdogo wake, wanabishana kuhusu mpira. Sikumwambia yaliyosemwa mezani. Kwenye rafu ya juu kabisa, karibu na dari, zimepangwa chupa za sabuni, za mafuta ya taa, na moja ya Fanta.