Usimkate mtoto maksi kwa sababu ya "recess"

Kuna zoezi ambalo halikosekani kwenye vitabu vya Kiingereza. Mwanafunzi anapewa ratiba ya siku ya shule yenye nafasi tupu, aijaze. Kati ya vipindi vya asubuhi na vya mchana pana pengo, na kitabu kinataka "break". Mtoto akiandika "recess", anakatwa maksi kwa hoja kwamba hicho ni Kimarekani. Akiandika "interval" anaambiwa neno hilo ni la hesabu. Kwa maoni yangu watoto wote hao wamepata, na kosa liko kwenye swali lenyewe.

Tuanze na hilo la "recess". Ni kweli Wamarekani wanalitumia, hasa kwa shule za msingi, wakati watoto wanapotolewa nje kucheza. Lakini ukienda Singapore, nchi iliyotawaliwa na Waingereza na ambayo mitihani yake ina mizizi ya Kiingereza cha huko, kengele ya mapumziko inaitwa "recess". Hong Kong vilevile. Majimbo mengi ya Australia wanasema "recess" kwa mapumziko mafupi ya asubuhi, kisha "lunch" kwa yale marefu. Sasa huyo mwalimu anayeliita neno la Kimarekani anawafuta wanafunzi wa sehemu tatu ambazo mitaala yake haikutoka Marekani.

"Interval" nalo ni neno la kawaida kabisa la mapumziko katika shule za sekondari za Scotland na New Zealand. Huko New Zealand utasikia pia "morning tea", na watoto wa shule wanaotoka kwenda "morning tea" huwa wanakwenda kula matunda na mkate na kukimbizana uwanjani, chai ikiwa haipo kabisa. Queensland, Australia, wana jozi ninayoipenda kuliko zote: "little lunch" asubuhi na "big lunch" mchana. India wana "recess", wana "interval", na sehemu nyingine wana mapumziko ya "tiffin", neno la Kiingereza cha Bara Hindi lenye maana ya mlo mwepesi. Bangladesh "tiffin period" ni sehemu ya ratiba rasmi ya shule, imeandikwa kati ya kipindi na kipindi kama somo jingine lolote.

Kula ndiko kunakoleta vurugu zaidi. Mwanafunzi amefundishwa kwamba "dinner" ni chakula cha usiku. Halafu anakutana na maandishi kutoka kaskazini mwa Uingereza ambapo "dinner time" ni adhuhuri, na wanawake wanaopakua chakula shuleni ni "dinner ladies". Chakula cha mchana shuleni kinaitwa "school dinners" hata na watu ambao nyumbani kwao mlo wa mchana wanauita "lunch". Mtoto aliyekariri kwamba "dinner" ni usiku atasoma kifungu hicho na kudhani watoto wa Kiingereza wanalala shuleni.

Neno ninalotaka kukaa nalo zaidi ni "session", kwa sababu hapo madhara si ya maksi moja tu. Kisheria, siku ya shule huko England, sehemu kubwa zaidi ya Uingereza, ina "sessions" mbili, ya asubuhi na ya alasiri, na katikati yake mapumziko. Shule za umma zinazosimamiwa na halmashauri hutakiwa kufungua kwa "sessions" zisizopungua 380 kwa mwaka, yaani siku 190. Mahudhurio huitwa mara mbili kwa siku, mwanzoni mwa asubuhi na tena alasiri, na rejista ina alama mbili tofauti: mkwaju ulioinama upande mmoja kwa aliyekuwepo asubuhi, mkwaju ulioinama upande wa pili kwa aliyekuwepo alasiri. Mtoto aliyehudhuria kutwa nzima anaonekana kwenye rejista kama paa dogo la nyumba, /\. Kwa hiyo mzazi akiandikiwa kwamba mwanawe amekosa "sessions" kumi, maana yake ni siku tano.

Chukua barua hiyohiyo uipeleke Malaysia. Huko shule nyingi zimekuwa zikigawana jengo moja kwa makundi mawili ya wanafunzi: wengine wanasoma "morning session", wengine "afternoon session". Hapo "session" ni siku nzima ya shule ya mtoto, ila ni nusu ya siku ya jengo. Bangladesh mpango kama huo wanauita "shift". Sasa nenda India au Nigeria: "session" ni mwaka mzima wa masomo, na ukimuuliza Mnigeria atakwambia "session" moja ina mihula mitatu. Wala huna haja ya kutoka Uingereza na kuvuka bahari kulipata hilo, maana Scotland nao wanasema "session" wakimaanisha mwaka wa shule. Watu wanaishi kisiwa kimoja, chini ya ufalme mmoja, lakini neno moja kwa hawa ni saa chache za asubuhi, kwa wale ni mwaka. Na Mmarekani akisema "school is in session" anamaanisha tu kwamba shule imefunguliwa, watoto wamo ndani.

Mzazi aliyehama na mwanawe kutoka Lagos kwenda Manchester akisoma kwamba mtoto amekosa "sessions" kumi, anaweza kupatwa na kihoro. Huyu hahitaji somo la sarufi, maana Kiingereza anakijua tangu utoto. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba neno lake limebadilisha kazi. Hapo ndipo ninapoona vitabu vyetu na kamusi zetu zinatuangusha: zinatoa maana moja, zinanyamaza kuhusu nchi.

"Prep" ni la aina hiyohiyo. Kenya, Uganda, Tanzania na Nigeria, mwanafunzi wa bweni anajua "prep" ni muda wa kujisomea jioni, watu wamekaa darasani kimya, taa zinawaka, mwalimu wa zamu anapita. Asili yake ni shule za bweni za Uingereza, na huko bado linatumika kwa maana hiyo na pia kwa maana ya kazi ya kufanyia nyumbani. Marekani, "prep" kwenye ratiba ni kipindi cha mwalimu asichofundisha, anachokitumia kusahihisha na kuandaa somo. Kitu hicho England na Wales kimewekwa kwenye masharti ya kazi tangu mwaka 2005, angalau asilimia 10 ya muda wa mwalimu wa kufundisha, na wanakiita PPA ("planning, preparation and assessment", yaani kupanga, kuandaa na kutathmini). Muda wa mwanafunzi kujisomea, ukiwa mchana ndani ya ratiba, Wamarekani wanauita "study hall". Na Victoria au Queensland, huko Australia, mtoto akisema yuko "Prep" anamaanisha yuko mwaka wake wa kwanza wa shule.

Kuhusu kipindi chenyewe cha somo, wengi wanadhani hapo hakuna ugomvi, kwamba "period" linatosha kila mahali. Karibu ni hivyo. Ila nchini Marekani "period" lina uzito wa pekee ambao chanzo chake ni pesa za pensheni. Mwaka 1905 tajiri wa Marekani Andrew Carnegie alitoa fedha za kuwalipa pensheni maprofesa, na taasisi iliyozisimamia ikaweka sharti: chuo kitakachonufaika lazima kidai wanafunzi wanaojiunga wawe wamesoma kiasi kinachopimika huko sekondari. Kipimo kikawa saa 120 za somo moja kwa mwaka. Kuanzia hapo shule za sekondari zikajipanga kwa dakika, kengele baada ya kengele. Wakati huohuo mji wa Gary, Indiana, chini ya msimamizi wa shule William Wirt, walikuwa wakiwagawa wanafunzi katika "platoons", neno la jeshini, kundi moja likiwa madarasani huku jingine likiwa karakana au uwanjani, kisha wanabadilishana. Mtu akishajua habari hii, haoni ajabu kwamba Wamarekani wana jina hata kwa zile dakika chache za kutoka chumba kimoja kwenda kingine: "passing period". Shule zilizounganisha vipindi kuwa virefu vya dakika 80 au 90 zinaviita "blocks".

Halafu kuna "hour". Katika baadhi ya shule za maeneo ya katikati ya Marekani, kipindi cha tatu ni "third hour", hata kama kina dakika 50. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari hapo, asije akakimbilia saa tatu asubuhi.

Mwanzo wa siku ndio unaonifundisha zaidi kuhusu nchi yenyewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 iliagiza kwamba siku ya shule England na Wales ianze na ibada ya pamoja, na ndiyo maana kwa Mwingereza mtu mzima "assembly" ni watoto wamekaa sakafuni ukumbini, kuna wimbo, kuna maneno ya mwalimu mkuu. Sheria ya mwaka 1988 iliruhusu ibada hiyo ifanywe wakati wowote wa siku, lakini neno lilikuwa limeshazoeleka. Marekani, Mahakama ya Juu ilizuia mwaka 1962 sala zilizotungwa na serikali katika shule za umma. "Assembly" kwao ni mkutano wa tukio fulani, unaweza kupita mwezi usiwepo. Asubuhi yao huanzia "homeroom", ambapo shule nyingi huapa kiapo cha utii kwa bendera, na tangu mwaka 1943 hakuna mwanafunzi anayeweza kulazimishwa kukitamka. Kazi ya kuita majina inayofanyika "homeroom", Mwingereza anaiita "registration", au "form time", au "tutor time". Tanzania na Kenya tunasema "parade", mistarini, na neno hilohilo New York ni maandamano ya sherehe yenye bendi barabarani.

Najua hoja ya walimu wenzangu: mtihani lazima uwe na jibu moja, la sivyo usahihishaji utakuwa vurugu. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu shule moja, aya ya kwanza "break", ya pili "recess", ya tatu "interval", amechanganya, na ni haki kumwambia achague. Msimamo mmoja ndani ya andiko moja ni jambo la kudai. Lakini kudai msimamo hakuhitaji kutangaza kwamba neno la nchi nyingine ni kosa. Mtunzi wa mtihani akitaka "break" pekee, aandike juu ya ratiba kwamba shule hiyo iko Leeds au Nairobi. Ni maneno mawili tu, na swali linakuwa la haki.

Vilevile napinga ule mgawanyo wa "Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani" unaofundishwa kana kwamba dunia ya lugha hii ina nyumba mbili. Katika mifano yote niliyotoa hapa, mgawanyo huo unavunjika mara kwa mara. Scotland inaachana na England, Queensland inaachana na majirani zake, Singapore na Chicago zinakutana kwenye "recess" bila kupangana. India peke yake ina mamilioni ya watoto wanaosoma kwa Kiingereza, na "tiffin" yao haipo kwenye vitabu vya mazoezi tunavyonunua.

Kwa waandishi wa vitabu ombi langu ni dogo. Badala ya ratiba moja ya shule ya kubuni isiyo na nchi, wekeni ratiba nne ukurasa mmoja, kila moja na mji wake: Glasgow, Brisbane, Kolkata, Kampala. Mwanafunzi aulizwe ni wakati gani katika kila shule watoto wanakula, na ni nani bado yuko darasani saa mbili usiku. Huyo wa Kampala ndiye aliye "prep".